Kipepeo wa Bwindi au panya wa Rwenzori: matembezi yapi ulipie?

Kama una siku moja tu, lipia matembezi ya Buhoma, katika msitu wa Bwindi, Uganda. Huko yuko Papilio antimachus, kipepeo mkubwa kuliko wote Afrika. Mabawa yake yakitandazwa hukaribia sentimita 23. Utakayemwona ni dume, kwa sababu hushuka kunyonya chumvichumvi kwenye tope la kando ya mto jua likiwaka. Jike hubaki juu mitini. Mawingu yakifunga, basi tena. Mwambie mwongozaji msimame kwenye tope, msikimbilie maporomoko ya maji.

Panya Otomys wa milima ya Rwenzori anadai siku kadhaa na gambuti. Angalia vijia vyembamba ndani ya nyasi za kinamasi, na mabua mabichi yaliyokatwakatwa. Kwa mpenda wanyama kweli, inalipa.