Mtoto aanze na shairi la vina au shairi huru?

Mimi nina watoto wawili wa darasa la kwanza na la tatu na nimejaribu zote mbili, lile la vina (silabi za mwisho zinazofanana) na lile huru lisilofuata vina wala idadi ya silabi, basi niseme tu. Shairi la vina, hasa ile tarbia ya mishororo (mistari) minne kila ubeti, mizani nane kwa nane, yaani silabi nane kila nusu ya mstari, linashika kichwani haraka hata mtoto ambaye bado anasoma kwa kuunganisha silabi, kwa sababu akishajua kina ni -ni na -che anakisia neno kabla macho hayajafika, na hapo ndo anajiona msomaji. Niliwatungia hili, la mishororo miwili tu:

Kunguru kaa mwembeni, maembe yetu yaache,
Ukishuka uwanjani, vifaranga uviache.

Wakapiga makofi kwa kila silabi, mdogo akagundua mwenyewe ziko nane kila upande, akaanza kuhesabu mpaka majina ya majirani 😂. Shida yake: lugha ya mkato inawachanganya, na wengine wanaimba kama kasuku bila kumwangalia huyo kunguru.

Shairi huru nalo halina presha. Tunatoka nje mvua ikikatika, kila mtu anasema alichonusa au kusikia, naandika vilevile walivyosema, kisha wanasoma maneno yao wenyewe. Macho yanafunguka kweli. Ila wiki ikiisha hawalikumbuki, na kulisoma kwa sauti linawapooza.

Kwa chini ya miaka minane mimi naanza na vina, tena chini ya mwembe wenyewe, sio sebuleni. Huru waje nalo wakishaanza kuandika sentensi zao.