Amplifaya niliyotengenezewa na fundi Ngamiani, uzoefu wangu

Hii amplifaya ninayo tangu kabla ya Ramadhani, nilitengenezewa na fundi mmoja huku Ngamiani, Tanga, kwa laki 3 na ushee. Spika ni zilezile zangu za ohm 8, waya uleule, sebule ileile, kwa hiyo tofauti yote nnayoisikia imetoka kwenye amplifaya tu.

Kabla yake spika zilikuwa zinasukumwa na mashine ya sabufa ya dukani, boksi limeandikwa wati 8000 PMPO (wati za kilele cha kufumba na kufumbua, za kutangazia tu), geuza nyuma usome kikaratasi, inakula wati 60. Jamani kitu kinachovuta wati 60 ukutani hizo 8000 kitazitoa wapi?? Hata hizo 60 hazifiki zote kwenye spika, nyingine zinaishia kwenye joto. Ukipandisha volyumu besi ikipiga tu mwimbaji anazama, kisha sauti inaanza kupasuka, na huko kupasuka ndiko kunaunguza twita (kale kaspika kadogo ka sauti za juu) maana wimbi likikatwa kichwa linazaa masafa ya juu kibao na yote yanaenda kwake.

Hii yangu ina aisii (chipu za kukuza sauti) mbili za TDA7294, klasi AB, yaani ule mtindo wa kawaida unaotoa joto, kila chaneli na yake. Ila aisii hata bodi za bei rahisi zinayo, mimi nasema utamu wote uko kwenye pawasaplai, sehemu inayoilisha amplifaya umeme. Fundi kafunga transfoma ya duara ya 24-0-24, ikishapita kwenye diodi zinazougeuza umeme uwe wa upande mmoja unapata kama volti 34 chanya na 34 hasi, halafu kapasita nne za mikrofaradi 10,000 za kutunza umeme na kuusawazisha. Umeme wa ukutani ni hezi 50, ukitoka kwenye diodi unabaki na mawimbi ya hezi 100, kapasita zikiwa ndogo ndo unasikia ule mngurumo mmmmm hata muziki haujaanza. Hapa nimeweka sikio kwenye spika, hamna kitu.

Nikiweka taarab za zamani za Black Star, wa hapahapa Tanga, gitaa la besi nalisikia noti kwa noti, linapiga linakata, sio ule mvumo mmoja usioisha, yaani amplifaya inaishika koni, ile sehemu ya spika inayotetemeka, isijichezee.

Mwanzo ilikuwa inapiga "puu" ukiwasha, nikairudisha, fundi akaongeza rezista na kapasita kwenye miguu ya aisii ya myuti (kunyamazisha) na stendibai (kusubiri), ikaisha. Joto lipo, na joto la Tanga mnalijua, hitsinki, lile bati la kupoza aisii, inataka nafasi usiifungie kabatini.

Jamaa yangu wa Chumbageni anatumia kibodi cha TPA3116, klasi D, yaani inawasha na kuzima umeme haraka sana, asilimia 90 hivi ya umeme inafika kwenye spika, haichemki na umeme ukikatika anaendelea na betri ya sola. Wanaosema klasi D mbaya mi sikubali, ya kwake kwenye adapta ndogo inachoka, kwenye betri inafunguka kabisa, chipu ileile! Kwa hiyo ukienda kwa fundi usianze na wati, muulize transfoma ni ya VA ngapi, yaani uwezo wake wa kutoa umeme, na mwambie afungue boksi uone kapasita kwa macho yako.