Luanda na Nairobi: meza mbili za amani ya mashariki ya Kongo

Anayefuatilia vita vya Kivu Kaskazini amezoea kusikia majina haya mawili yakitajwa pamoja, lakini kazi zao hazikuwa moja.

Mchakato wa Nairobi ulianzishwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki Aprili 2022, Uhuru Kenyatta akiwa msimamizi. Uliikutanisha serikali ya Kinshasa na makundi yenye silaha, yaani wenye bunduki wenyewe. Ila M23, waasi wanaodaiwa kuungwa mkono na Rwanda, waliondolewa mezani mwezi huohuo, mapigano yalipopamba moto tena.

Luanda palikuwa pa marais. João Lourenço wa Angola alipatanisha Kongo na Rwanda, na kwa maoni yangu alifika mbali zaidi: usitishaji mapigano ulianza 4 Agosti 2024. Kisha mkutano wa 15 Desemba ukavunjika. Kigali ilitaka Kinshasa ikubali kuzungumza ana kwa ana na M23. Kinshasa ikakataa katakata. Yaani Luanda ilikwama kwenye swali lilelile lililoachwa kiporo Nairobi. Wiki sita baadaye, M23 waliingia Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini.

Ndiyo maana naona kutenganisha meza hizi kuligharimu raia. Kila upande ulikuwa na pa kukimbilia ukibanwa upande wa pili. Wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, waliamua kuziunganisha walipokutana Dar es Salaam, 8 Februari 2025, Goma ikiwa tayari mikononi mwa waasi.