Kuasili mtoto Mtwara na Lindi: huduma ikoje?

Mlango ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na hapo huhitaji wakili. Atafika nyumbani kukagua malazi, kipato na mazingira. Usichanganye malezi ya kambo na kuasili: ya kwanza ni ya muda, ya pili huamuliwa na Mahakama Kuu, na mtu wa Liwale ajipange kwa safari, hasa masika. Kwa kawaida mwombaji awe na miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21. Faili hukwama zaidi pale ridhaa ya wazazi inapokosekana kwa maandishi.

Kwa wapenzi wa jinsia moja, alama ni sifuri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inapokea maombi ya pamoja ya mume na mke tu. Mmoja akiasili peke yake, mwenzake hana haki kwa mtoto, na mwombaji akifariki, mwenzake huyo anabaki mtu baki. Afrika Kusini kizuizi hicho kiliondolewa na Mahakama ya Katiba mwaka 2002. England wanaomba pamoja tangu Desemba 2005. Huko tathmini hulengwa kumalizika kwa miezi sita, na wote wawili huhojiwa.