Uzamili wa unasihi wa shule: miaka mitatu yangu, uzuri na kero zake

Nilifundisha hisabati miaka tisa kabla ya kurudi kusoma. Nilipojiunga na shahada ya uzamili ya unasihi wa shule, nilijiambia nusu ya kazi naijua: wanafunzi walishazoea kuniletea mambo yao, nawasikiliza, nawapa neno, wanaenda zao. Nusu hiyo ndiyo iliyonitesa kuliko yote.

Chuo sikitaji, maana kuna mahali nitakisema vibaya. Ila kilifuata viwango vya CACREP, chombo cha Marekani kinachoithibitisha mitaala ya fani hii, na nilisoma huku nikiendelea na kazi.

Nianze na kilichonifanya nisijute. Muhula wa pili tulipewa zoezi la kurekodi mazungumzo ya dakika 20 na mwenzetu, kuyaandika neno kwa neno, kisha pembeni ya kila kauli yetu kueleza tulikusudia nini. Nilipohesabu, nilikuta nimeuliza maswali 31. Mwenzangu alikuwa anajaribu kunieleza ugomvi wake na dada yake, nami namhoji kama ninayesahihisha mtihani. Msimamizi alisimamisha rekodi dakika ya saba. "Hapa alivuta pumzi. Mbona ulimkatiza?" Sikuwa na la kusema. Hata hiyo pumzi sikuwa nimeisikia.

Tulirudia zoezi hilo mpaka nikawa naichukia sauti yangu. Rekodi ya mwisho ilikuwa na maswali sita, na kimya kirefu mahali ambapo zamani ningejaza ushauri.

Nadharia zilikuwa nyingi, na nyingine nilizisoma ili nifaulu tu. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, alinishika. Mwaka 1957 aliandika juu ya masharti ya lazima ili mtu abadilike katika tiba, yakiwemo kuyaona mambo kwa jicho la mteja, kumkubali bila masharti, na mtibabu mwenyewe kutojificha nyuma ya cheo. Kwenye karatasi ni mepesi. Yajaribu sasa kwa mtoto aliyeiba simu ya mwenzake, anakutazama machoni na bado anakudanganya.

Kwa Steve de Shazer na Insoo Kim Berg, waanzilishi wa tiba fupi inayolenga suluhisho, nilichukua swali la kipimo, nalo nalitumia karibu kila siku. Unamwuliza mtoto: kuanzia 0 hadi 10, leo uko wapi? Akisema 3, humwulizi kwa nini hajafika 8. Unamwuliza nini kimemzuia asiwe kwenye 2. Hapo ndipo anapomtaja bibi yake, au rafiki mmoja, au mpira wa jioni, na wewe unapata pa kuanzia. (Mwalimu wa hisabati kupenda namba, hilo halikumshangaza mtu.)

Somo la takwimu na utafiti lilikuwa kavu. Nilifaulu, basi.

Somo la dharura nalo lilikuwa zuri lakini fupi mno, wikendi moja tu. Tulifundishwa kwamba ukihofia mtoto anafikiria kujiua, umwulize waziwazi, kwa maneno hayohayo. Kumwuliza hakumpandikizii wazo. Tulifundishwa pia kumweleza mipaka ya usiri kabla hajafungua mdomo: nitatunza siri yako, isipokuwa nikiona utajidhuru, utamdhuru mwingine, au kuna anayekudhuru. Kuyasema hayo kwa mtoto wa miaka saba akaelewa kunahitaji mazoezi kuliko wikendi moja. Kwa jumla kozi ilimtazama zaidi kijana wa sekondari. Michezo na michoro ya kuzungumzia na watoto wadogo nilijitafutia mwenyewe.

Sasa kero. Viwango vinadai saa 100 za mazoezi ya awali, 40 kati yake ukiwa ana kwa ana na wanafunzi, kisha saa 600 za mafunzo kazini, 240 zikiwa za ana kwa ana. Chuo kilitupa barua moja ya utambulisho, kikatuachia shule tuzitafute wenyewe. Tatu zilinikataa. Ya nne ilinipokea kwa furaha, nikaja kuelewa kwa nini: nilipangiwa kupanga ratiba na kusimamia mitihani, kazi zisizohesabika kama saa za ana kwa ana. Nilimwandikia mratibu wa mazoezi. Jibu lilichukua wiki tatu, na saa zangu 240 zikaingia muhula wa ziada, ambao niliulipia mimi.

Shule yenyewe ilikuwa na mnasihi mmoja kwa wanafunzi zaidi ya 900. Chama cha wanasihi wa shule cha Marekani, ASCA, kinapendekeza mmoja kwa 250. Sikumlaumu yule mama kwa kunikabidhi ratiba. Angeweza kunifundisha mengi, na siku alizopata nafasi alinifundisha kweli, tukiwa tumesimama koridoni.

Kilichoniokoa ni usimamizi wa chuo kila wiki: saa moja na msimamizi wangu, na saa moja na nusu kwenye kundi. Pale nilipeleka kesi zilizoninyima usingizi, bila majina, na hakuna aliyenicheka.

Kama unatafuta kozi, orodha ya masomo isikushughulishe sana, zinafanana. Uliza nani atasikiliza rekodi zako na mara ngapi, na nani atakutafutia shule. Mimi ningelipa tena, ila safari hii ningetaka jina la shule kwa maandishi kabla ada haijatoka mfukoni.