Idhaa za Kiswahili za ng'ambo nchi inapochafuka: maoni ya fundi redio wa Kigoma

Kila nchi ya huku kwetu inapochafuka, wateja wanaoleta redio kibandani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, huwa na swali moja: "Fundi, nisikilize wapi?" Nimeulizwa na Warundi, nimeulizwa na Wakongo wanaovuka ziwa kuja kununua bidhaa, na mwaka 2025 nikaulizwa na majirani zangu wenyewe. Jibu la kibandani huwa fupi mno, ndiyo maana nimeamua kuliandika lote.

Kipimo changu ni kimoja. Nchi ikiwaka, wenye nchi ndio wenye haki ya kuamua nani awaongoze na kwa masharti gani. Idhaa ya nje inayowapa habari ili waamue wenyewe, ninaipa alama. Inayowaamulia, ninaikata, hata kama sauti yake ni safi kuliko zote hewani.

Kwanza tujue zimetoka wapi. Sauti ya Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954. BBC ikafuata Juni 1957, Redio Peking ya China 1961, Sauti ya Amerika 1962, Deutsche Welle 1963. Angalia miaka hiyo vizuri. Hakuna aliyekuja kwa sababu anapenda mashairi yetu. Tulikuwa tunadai uhuru, na kila mkubwa wa dunia alitaka kutuzungumzia masikioni kabla mwenzake hajawahi. Waingereza waliwalalamikia Wamisri kwamba wanachochea watu wa makoloni yao. Kwa Mwafrika aliyekuwa anatawaliwa, uchochezi ule ulikuwa msaada. Na sisi Watanzania tulifanya hivyo hivyo baadaye: Radio Tanzania Dar es Salaam iliwapa wapigania uhuru wa kusini, FRELIMO na ANC wakiwamo, nafasi ya kusema na watu wao. Makaburu na Wareno waliuita uingiliaji. Mimi siuiti hivyo hadi leo, kwa sababu waliokuwa wanasema kwenye maikrofoni ile walikuwa wenye nchi zao.

Uingiliaji wenyewe ukitaka kuuona ulivyo, nenda Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo kule Kongo, Septemba 1960. Rais Kasavubu alitangaza redioni tarehe 5 kwamba amemfukuza Waziri Mkuu Lumumba. Lumumba naye akaenda redioni kuwaambia wananchi kwamba hatambui kufukuzwa huko. Kesho yake Umoja wa Mataifa, ambao majeshi yake yalikuwa nchini, ukaifunga redio ya taifa na kuzuia viwanja vya ndege. Kwenye karatasi waliwafungia wote wawili. Lakini Kasavubu alikuwa na rafiki ng'ambo ya mto, na Radio Brazzaville ikamrushia maneno yake. Lumumba hakuwa na pa kusemea, na silaha yake kubwa ilikuwa ulimi. Januari 17, 1961 aliuawa Katanga. Mtu yeyote akiniambia kwamba kufunga redio ni hatua ya kutuliza hali tu, isiyomwegemea mtu, ninamkumbusha wiki ile.

Sasa nije kwenye tuliyoyaona kwa macho. Aprili 2015 chama tawala cha Burundi kilimteua Rais Nkurunziza kugombea muhula wa tatu, na watu wakaingia barabarani Bujumbura. Mei 13, Nkurunziza akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jenerali Niyombare akatangaza redioni kwamba amempindua. Mapinduzi yalishindwa, lakini ndani ya saa chache redio za watu binafsi zilikuwa zimeteketezwa au kuvunjwavunjwa: RPA, Bonesha FM, Isanganiro, Renaissance. Hata Rema FM, iliyokuwa upande wa serikali, ilichomwa na wa upande wa pili. Nchi nzima ikabaki na redio ya taifa.

Watu walikuwa wanamiminika Kagunga, kijiji cha mpakani ambako hakuna barabara ya maana, maelfu kwa maelfu ufukweni, kipindupindu kikaingia. Meli yetu ya Liemba ilikodiwa kuwaleta Kigoma mjini, wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Waliopita kibandani kwangu walikuwa wameacha magodoro na sufuria, ila redio wamebeba. Kazi ilikuwa ile ile: antena zilizokatika, waya wa spika uliochomoka, chemchemi za betri zilizoota kutu kwa maji ya ziwa. Nilikuwa nazisugua kwa msasa hadi shaba ing'ae, naweka mawe mapya, nawasha, na kabla sijafunga kifuniko mwenye redio anakuwa ameshainyakua anatafuta stesheni. Wengi walianza na masafa ya Isanganiro. Walijua imeharibiwa, lakini walipitisha mshale pale kwanza, wakasikiliza mkwaruzo kidogo, ndipo wakaenda BBC au Sauti ya Amerika au DW.

Siku zile idhaa hizo zilifanya kazi kubwa, na sitaki mtu aidharau. Walikuwa na waandishi Warundi waliojua mtaa wa Musaga ni upi na wa Nyakabiga ni upi. Mtu akisema risasi zimelia mahali fulani, aliyekaa kwenye benchi langu aliitikia kwa kichwa, maana shangazi yake anakaa pale. Lakini idhaa moja, jina lake naliacha, jioni ilimleta mchambuzi aliyekaa Ulaya, akaeleza kwa dakika nyingi kwamba waliokimbia wote ni wa kabila moja. Kibandani walikuwapo wa makabila yote mawili, wamepanda Liemba moja. Walitazamana. Mama mmoja akasema, "Zima, fundi." Nikazima. Kwa nchi yenye historia ya mauaji ya 1972 na 1993, maneno kama yale yanaweza kuua, na mtangazaji hakumuuliza yule bwana hata swali moja la kumpinga.

Desemba mwaka ule Umoja wa Afrika ukaamua kupeleka askari 5,000 Burundi, Nkurunziza akasema watapigwa kama wavamizi, na Januari 2016 wakuu wa nchi wakaachana na wazo hilo. Nilizisikiliza idhaa zote wakati ule. Zilimhoji balozi, zikamhoji mwanadiplomasia wa Addis Ababa, zikamhoji msemaji wa serikali. Wakimbizi, ambao nchi yao ndiyo ilikuwa inajadiliwa, walipewa sekunde chache za kulia. Hakuna aliyewauliza: je, ninyi mnataka askari hawa? Kibandani kwangu swali hilo lilikuwa na majibu mengi, na hayakufanana.

Waandishi wa Burundi waliokimbilia Kigali wakaanzisha Humura na Inzamba, hasa kwa Kirundi. Masafa hawakuwa nayo, sauti zilikuja kwa WhatsApp. Vijana walikuwa wanahamisha mafaili kutoka simu hadi simu wakiwa wamekaa kwenye benchi langu, na wazee waliokuwa na redio za memori kadi wakawekewa humo humo. Kwa kipimo changu hii ilikuwa huduma nzuri kuliko ya London na Washington, kwa sababu Mrundi alikuwa anazungumza na Mrundi. Lakini walikuwa wamekaa kwa jirani aliyekuwa na ugomvi wake na serikali ya Burundi. Machi 2021, Rwanda na Burundi zilipoanza kupatana, Kigali ikawaambia wasitishe matangazo. Sauti ya watu ikawa sehemu ya mapatano ambayo watu wenyewe hawakuitwa mezani. Hapo uhuru wa Mrundi kujua habari zake ulikuwa mkononi mwa serikali mbili, na zote mbili ziliuminya.

Bujumbura nao hawakulala. Mei 2018, siku chache kabla ya kura ya maoni ya katiba, BBC na Sauti ya Amerika zilisimamishwa miezi sita. Machi 2019 BBC ikanyang'anywa leseni kabisa, hadi Machi 2022 ilipofunguliwa. Hoja ilikuwa kulinda nchi dhidi ya wageni. Ninaikubali haki ya nchi kujilinda. Siikubali hoja hiyo ikitolewa na aliyeziacha redio za wananchi wake zikiwa majivu.

Sauti ya Amerika kwa sasa siwezi kukushauri uitegemee. Machi 2025 rais wa Marekani alitia saini amri, wafanyakazi wakapelekwa likizo ya lazima, na idhaa iliyokuwa nasi tangu 1962 ikanyamaza. Wateja walileta redio wakidhani zimeharibika. Nilizipima, zilikuwa nzima. Sikufurahia hata kidogo, maana ilikuwa na watangazaji wetu waliojua kazi. Lakini pale ndipo mtu anaelewa kitu hiki ni cha nani.

BBC na DW bado ndizo ninazozitaja kwanza. Dira ya Dunia ya BBC ina mtandao mpana wa waandishi wenyeji, na hilo ndilo linaloibeba. DW ina kipindi cha Maoni Mbele ya Meza ya Duara, na ninakipenda kwa sababu kinawakutanisha wanaopingana na kuwaacha wabishane hadi uone nani hana hoja. RFI, iliyoanza Kiswahili mwaka 2010, inawapa wasikilizaji muda wa kusema kupitia Habari RFI-Ki, lakini wakizungumzia nchi zilizowahi kuwa na askari wa Kifaransa ninasikiliza kwa sikio la pili. Redio China Kimataifa ina Kiswahili kizuri sana. Siku ya vurugu usiihangaikie. Wanasema hawaingilii mambo ya ndani, na kunyamaza kwao daima humnufaisha aliyeko ikulu.

Ninayoipa alama za juu kuliko zote wengi wenu hamuijui: Radio Okapi ya Kongo. Usiku hewa ikitulia, kuna nyakati mawimbi yanavuka ziwa kutoka upande wa Kalemie na tunaipata. Ilianzishwa Februari 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Uswisi la Fondation Hirondelle, wakati Kongo imekatwa vipande na majeshi ya nchi jirani. Inatangaza kwa Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Tshiluba na Kikongo, na wanaotangaza ni Wakongo. Mtu wa Kinshasa na mtu wa Bukavu, ambao vita vilikuwa vimewatenganisha kwa miaka, wakaanza kusikiana tena. Fedha ni za wageni, ndiyo, na wageni hao hao ndio waliofunga redio ya Léopoldville mwaka 1960. Lakini safari hii walifungua maikrofoni na kumpa Mkongo. Waandishi wake wawili, Serge Maheshe mwaka 2007 na Didace Namujimbo mwaka 2008, waliuawa kwa risasi, wote Bukavu. Waliouawa walikuwa wana wa pale pale, na hilo linaniambia redio ile ilikuwa ya nani kuliko nembo iliyo ukutani.

Oktoba 29, 2025 zamu ikawa yetu. Siku ya uchaguzi intaneti ilizimwa nchi nzima, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Jirani yangu muuza dagaa, ambaye mwanawe anafanya kazi Dar, alikuja na Panasonic ya marehemu mumewe. Nilichomelea upya waya wa antena, nikafunga waya mwingine wa shaba juu ya mwembe, tukaipata idhaa ya ng'ambo. Alichotaka ni kujua kama Mbagala, mtaa anakokaa mwanawe, kuko salama. Alichopata ni wataalamu wakijadili uchaguzi huu unamaanisha nini kwa wawekezaji wa nje. Redio za ndani zilipiga muziki. Baadaye tukasikia viongozi wakisema baadhi ya waliokamatwa walitoka nje ya nchi. Kama ni hivyo, waletwe mahakamani tuone ushahidi. Ila anayezima intaneti na kuzinyamazisha redio za nyumbani ndiye anayemkabidhi mgeni masikio yetu, kwa sababu mzazi hawezi kukaa bila habari za mwanawe.

Jambo la kiufundi ambalo wengi hamlijui: siku hizi BBC na DW wengi mnazipata kupitia stesheni za FM za hapa nchini zinazoshirikiana nazo. Ni rahisi na sauti ni safi, lakini stesheni ile ina leseni, na leseni ina mwenyewe. Agosti 2020, kuelekea uchaguzi, kanuni zilibadilishwa zikataka stesheni za ndani ziwe na kibali kabla ya kurusha maudhui ya nje. Kwa hiyo ukinunua redio, hakikisha ina masafa mafupi, SW, ingawa si kila idhaa ya Kiswahili bado iko huko, na usimruhusu fundi yeyote aikate antena ndefu kwa kuona haina kazi. Jaribu kutafuta stesheni kungali shwari, uandike masafa nyuma ya kifuniko cha betri.

Kwa Mrundi anayeniuliza leo, sianzi na London. Isanganiro ilirudi hewani mwaka 2016, Bonesha ikafuata 2021. Haziko huru kama zamani, na RPA bado imefungwa, lakini ninamwambia aanze hapo, kisha alinganishe na BBC na DW. Na wahariri wa idhaa za ng'ambo, kama mnasoma: mkimleta mchambuzi, tuambieni yuko wapi na analipwa na nani, halafu mpigieni simu mama wa Mbagala au wa Musaga kabla hamjampigia yeye.