Kadi ya Kijivu Baada ya Miezi Minane: Rangi za Kweli katika Studio ya Nyumbani Pangani

Nilinunua kadi hii kwa sababu ya gauni moja. Wifi yangu, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa amelishona kwa kitambaa cha rangi ya damu ya mzee kutoka Biashara Street, nami nikalipiga picha katika chumba cha kulala nilichokigeuza studio hapa Pangani, Nairobi, pazia likiwa limefunguliwa nusu na balbu ya dari ikiwaka. Mteja aliipenda picha, akalipa, akaletewa gauni, na jioni hiyohiyo akatupigia simu. "Dada, lile nililoliona kwa picha lilikuwa rangi ya matofali," alisema bila hasira yoyote, "na hili ni jingine kabisa." Alikuwa na haki. Tulimrudishia pesa zake, na usiku ule nikaifungua tena ile picha huku nimelishika gauni lenyewe mkononi, nikaona kwamba nilikuwa nimekosea mara mbili kwa mpigo mmoja: kamera ilikuwa imeingiza mwanga kupita kiasi, na ilikuwa imeichukua njano ya balbu kana kwamba ni sehemu ya kitambaa.

Kadi yenyewe ni seti ya vipande vitatu vya plastiki, cheupe, cheusi na cha kijivu, vilivyounganishwa kwa kamba ya kuvaa shingoni, kila kimoja kikiwa na ukubwa unaokaribia kadi mbili za benki zilizowekwa kando kwa kando. Nililipa shilingi 1,800 katika duka la vifaa vya picha katikati ya jiji. Kipande cha kijivu ndicho chenye kazi kubwa. Hurudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia, na ingawa kiwango hicho kinaonekana kidogo, jicho la binadamu hukiona kuwa katikati baina ya weusi na weupe, kwa kuwa macho yetu hayaupimi mwanga kwa hesabu iliyonyooka jinsi kihisi cha kamera kinavyoupima.

Faida ya kwanza niliyoiona ilikuwa katika kiasi cha mwanga. Mita ya kamera, ile inayopima mwanga, haijui inatazama nini. Huchukulia kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa pamoja, vina wastani wa kijivu, kisha hupanga shata (muda wa kupokea mwanga, kwa sehemu ya sekunde), tundu la lenzi (linaloandikwa kwa f) na ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) ili kuupata wastani huo. Ndiyo maana kanzu nyeupe iliyotundikwa mbele ya ukuta mweupe hutoka na rangi ya majivu, na buibui jeusi hutoka limepauka kama nguo iliyoanikwa juani mwaka mzima. Gauni letu lilikuwa na rangi nzito iliyojaza fremu karibu yote, kwa hiyo kamera ikadhani chumba kina giza, ikaongeza mwanga, na damu ya mzee ikawa matofali. Siku hizi naiweka kadi kifuani pa sanamu ya kuvalishia nguo, naigeuza itazame nafasi iliyo kati ya kamera na taa kuu, napima hapo peke yake, kisha naiweka mipangilio yote kwa mkono na siigusi tena hadi nguo zote zilizopangwa kwa mkao huo ziishe. Kwa taa zangu mbili, hesabu hutulia kwenye ISO 200, f/5.6 na shata ya 1/100.

Shata hiyo sikuichagua kwa kubahatisha. Umeme wetu hapa Kenya ni wa mzunguko wa 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 katika kila sekunde bila macho kutambua. Nilipokuwa nikitumia 1/250, baadhi ya picha zilitoka na mistari ya giza iliyolala, na rangi ilibadilika kutoka picha moja hadi nyingine ingawa sikuwa nimegusa chochote. Kwenye 1/100 au 1/50 tatizo hilo liliondoka kabisa.

Kuna jambo ambalo kijikaratasi kilichokuja na kadi hakikulieleza, nami naona ni kosa. Mita nyingi za kamera hazikusawazishwa kwa asilimia 18, bali kwa kiwango kinachokaribia asilimia 12 au 13, hivyo anayeifuata kadi bila kuangalia matokeo anaweza kupata picha zenye giza kwa takriban nusu ya hatua (hatua moja ni kuzidisha au kupunguza mwanga mara mbili). Hapa ndipo vile vipande vingine viwili vilipoonyesha thamani yake. Nikipiga picha ya vyote vitatu pamoja, histogramu, yaani grafu ya kamera inayoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga katika picha, huchora vilima vitatu vyembamba: cheusi kushoto, kijivu katikati, cheupe kulia. Naongeza mwanga kidogo kidogo hadi kilima cha kulia kikaribie ukingo bila kuugonga, kwa sababu kikigonga, nyuzi za kitambaa cheupe hupotea na hakuna programu ya kuzirudisha. Mwangalio huo wa nusu dakika umeniokoa mara nyingi kuliko kitu kingine chochote nilichojifunza mwaka huu.

Upande wa rangi ndio uliobadilisha biashara yetu. Kamera inahitaji kuambiwa ni kipi kisicho na rangi katika nuru iliyopo, nayo hupanga rangi nyingine zote kwa kulinganisha na hicho. Balbu ya sebuleni yenye nuru ya joto huwa karibu Kelvini 2,700 hadi 3,000 (kipimo cha rangi ya nuru: namba ndogo ni unjano, kubwa ni usamawati), jua la mchana ni karibu 5,500, na mawingu mazito ya Nairobi ya mwezi Julai husukuma nuru ya dirishani kuelekea samawati, mara nyingi kupita 6,500. Ukiiachia kamera ijiamulie, itakisia, na itakisia upya kila nguo inapobadilika. Nakumbuka jioni nilipoifungua picha ya kwanza yenye kadi kwenye programu ya kuhariri na kuweka kishale juu ya kile kipande cha kijivu: nyekundu ilisoma 134, kijani 119, samawati 97, ilhali kitu cha kijivu kinapaswa kuwa na namba tatu zinazolingana. Nilibofya mara moja. Zote zikasogea hadi karibu na 118, na kwa mara ya kwanza kitenge kilichokuwa kwenye skrini kilifanana na kitenge kilichokuwa magotini pangu. Kwa kuwa nahifadhi picha kama faili ghafi (RAW, yenye data yote ya kihisi) badala ya JPEG, nilinakili marekebisho hayo kwenye picha 40 zilizosalia bila kuharibu chochote.

Wengine hutumia karatasi nyeupe ya kuchapishia badala ya kadi, na nilijaribu pia ili nijue kama nimetupa pesa. Karatasi nyingi za namna hiyo hutiwa kemikali za kung'arisha zinazoifanya nuru isiyoonekana irudi ikiwa na usamawati, kama mashati ya shule yaliyosuuzwa kwa bluu ya kufulia. Kando ya dirisha tofauti ilikuwa dhahiri: picha zilizorekebishwa kwa karatasi zilielemea njano, na zile za kadi hazikuelemea popote.

Hata hivyo, kadi haikuweza kuponya taa mbaya, na hapa nina malalamiko. Taa zangu za kwanza za LED nilizinunua katika duka jingine, zikiwa na maandishi ya Kelvini 5,600 kwenye boksi na bila neno lolote kuhusu uaminifu wa rangi. Moja ilikuwa na ukijani, ya pili uwaridi. Nilipozirudisha niliambiwa kwamba macho yangu ndiyo yana shida. Baya zaidi ni kwamba shuka nyekundu ya Kimaasai ilitoka imefifia hata baada ya kijivu kusomeka sawa kabisa, kwa sababu taa isiyotoa nyekundu ya kutosha haiachi nyekundu ya kurudishwa. Kipimo cha CRI kinachotajwa kwenye maboksi, yaani cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uaminifu, ni wastani wa rangi nane hafifu, na nyekundu iliyokolea, iitwayo R9, haimo katika wastani huo. Anayepiga picha za nguo zetu, zenye nyekundu nyingi hivi, aulize R9 kabla ya kutoa pesa. Taa ninazotumia sasa zimeandikwa CRI 95 na R9 imetajwa waziwazi, na shuka ile ile imekuwa nyekundu tena.

Vilevile kadi hurekebisha nuru ya aina moja tu kwa wakati mmoja. Balbu ya dari ikiwaka pamoja na taa za studio, bega moja la gauni litakuwa sahihi na jingine la njano. Kabla ya kuanza nafunga pazia, nazima balbu, kisha napiga picha moja taa za studio zikiwa zimezimwa bila kubadilisha mipangilio. Ikitoka karibu nyeusi tupu, nuru nyingine haina nafasi ya kuharibu kazi.

Tunapopata msichana wa kuvaa nguo badala ya sanamu, kadi hukaa chini ya kidevu chake, na hapo naithamini kupita kiasi. Kwa miaka mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizokuja kujulikana kwa jina la Shirley, na ngozi kama zetu zikawa zinapotea gizani. Kipande cha kijivu hakina uso wa mtu yeyote.

Kasoro za kadi yenyewe ni tatu. Uso wake unang'aa kidogo, na ukiinamishwa vibaya hushika mng'ao wa taa na kutoa vipimo vya uongo. Ni mdogo mno kwa anayesimama mbali, kwa hiyo inabidi kusogea karibu wakati wa kupima. Na kipande cheupe kimeshaingia mchubuko mwembamba ingawa nakiweka katika mfuko wake. Kwa anayeuza kwa kutumia simu, itamfaa tu ikiwa kamera ya simu ina mipangilio ya mkono inayoruhusu kuweka Kelvini na kufunga kiasi cha mwanga.

Naipa nyota nne kati ya tano. Nikinunua nyingine itakuwa ya kitambaa, ile inayokunjwa, yenye upana wa sentimita 30 na isiyong'aa, na hii ndogo nitampa wifi yangu akague vitambaa kwa simu yake kabla ya kuvinunua.